Pijo 504 ya bamdogo: kutu kwanza, ingini baadaye

Pikapu yangu ya Pijo 504 saa hii inatembea, inapakia, inashika breki, na ingini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nalitaja hilo mwanzo manake karibu kila aliyepita nyumbani hapa Malindi aliniambia nitoe ile ingini niweke ya Toyota, na wengine wakanambia niite watu wa skrepa waje waipime kilo, ati hiyo haiwaki tena. Imewaka. Na kilichonikera zaidi ni kwamba wote walikuwa wanaongea ingini, ingini, hakuna hata mmoja aliyeinama chini kuangalia bati.

Gari ilikuwa ya marehemu bamdogo. Imebeba nazi na makuti kutoka Mambrui miaka na miaka, na kuna wakati ilikuwa inakwenda Gongoni na Marereni kule kwenye mashamba ya chumvi. Alipofariki ikalala chini ya mwembe. Sasa gari ya chumvi, ikae pwani, upepo wa bahari unaipiga, halafu majani ya mwembe yanaoza kwenye mifereji ya bodi yanashika maji, wewe mwenyewe fikiria. Kutu ya huku kwetu haianzii nje ambako unaiona. Inaanzia ndani ya milango, ndani ya vile vizingiti vya chini ya mlango, mahali popote mabati mawili yamelalana. Rangi juu bado inang'aa na ndani hamna kitu.

Fundi wa rangi wa kwanza alikuja akazunguka gari, akagonga gonga kwa kidole, akasema hii ni filla kidogo, ule udongo wa kuzibia mashimo, na rangi, siku mbili unaendesha. Nikachukua bisibisi nikaichomeka kwenye kizingiti upande wa dereva, ikazama mpaka kwenye mpini, na unga mwekundu ukamwagika chini mchangani. Nikamuuliza, kaka, hapa filla utaipaka juu ya nini? Hakurudi, na sikumtafuta.

Kwa hiyo nikaanza kukata. Sakafu ya upande wa dereva yote, vizingiti vyote viwili, na pembe za karai la nyuma la kubebea mizigo. Welda nilimpata Majengo, kijana mtulivu, tukatumia bati la geji 18, na sharti langu lilikuwa moja tu: kabla hujafunga kipande chochote, ndani kwanza kipakwe redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, na vile vitundu vya chini vya kutolea maji viachwe wazi. Mafundi wengi wanaviziba kwa filla wakidhani ni vya kutu. Ni vya kiwandani hivyo, ukiviziba maji yanakaa ndani na baada ya misimu miwili ya mvua unarudi pale pale.

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia, magadi. Magadi haya haya ya kupikia, yanayouzwa sokoni kwa mawe. Vitu vidogo vilivyoliwa na kutu kama bawaba za milango, fremu ya kiti, dramu za breki za nyuma, ukivipiga brashi ya waya utamaliza mkono na kutu itabaki kwenye vishimo. Mimi nlichukua pipa la plastiki, nikajaza maji, magadi yaliyosagwa vijiko kama vitatu kwa kila lita kumi, nikakoroga mpaka yakayeyuka. Nikaning'iniza dramu katikati kwa waya, pembeni nikaweka vipande vya nondo kuukuu visivyogusana na dramu. Chaja ya betri ya volti 12, ile ya kizamani isiyo na akili nyingi manake hizi mpya zinajizima zikikosa betri: waya hasi kwenye kile unachotaka kusafisha, waya chanya kwenye nondo. Ukikosea hapo utakula dramu yako na nondo itabaki salama! Dakika chache tu utaona viputo vinapanda kutoka kwenye dramu, na baada ya saa kadhaa juu kuna povu la rangi ya kahawia linanuka chuma. Niliiacha kutwa nzima. Nilipoitoa ile kutu nyekundu ilikuwa imegeuka uji mweusi, nikausugua kwa brashi ya kawaida na maji, na hapo hapo ikaonekana ile namba ya kiwandani iliyochongwa kwenye chuma, ambayo nadhani bamdogo mwenyewe hakuwahi kuiona.

Fanyeni nje, kwenye upepo, na msivute sigara karibu, vile viputo ni haidrojeni na inalipuka. Na pale upande wa chanya msiweke stenlesi hata kama mtu amewaambia inadumu, maji yanakuwa sumu. Ukishatoa kitu, kausha na upake rangi siku hiyo hiyo, manake kwa unyevu wa huku ukilala nacho asubuhi kimeshaanza wekundu.

Ingini ilikuwa imekamata, haizunguki kabisa. Shemeji yangu akataka tuivute na gari nyingine ikiwa ndani ya gia ya tatu, ati itashtuka yenyewe. Nikakataa katakata, ukivuta hivyo ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na silinda unavunja ringi au unapinda kitu. Nilitoa plagi, ambazo kwenye 504 zimezama ndani ya mabomba katikati ya kava ya juu, nikamwagia kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki, nusu kwa nusu, nikaacha ifanye kazi, naongeza kila jioni. Halafu handeli ya kuzungushia ingini kwa mkono, tundu lake lipo pale mbele. Hulazimishi, unasukuma kidogo kwenda, kidogo kurudi. Siku iliposogea upana wa ukucha nilimwita mke wangu aje aone. Na kabla hujazungusha kwa nguvu funika matundu ya plagi na kitambaa, ile dizeli inaruka mpaka usoni.

Kuna aliyenishauri tufungue hedi, kile kifuniko kikubwa cha juu ya silinda, ndio tuzungushe. Hapana jamani. Silinda za 504 ni za slivu, yaani mabomba yanayochomoka, zimekaa tu ndani ya maji ya kupoza, ukitoa hedi ukazungusha bila kuzibana zinanyanyuka, sili za chini zinaachia, na maji yanaingia kwenye oili.

Halafu ikaja ile siku ya kuwasha. Pointi mpya, zile za kukatia umeme wa cheche, nimeweka pengo la 0.40 mm, kondensa mpya, kabureta imeoshwa, petroli safi kwenye dumu. Fundi niliyemleta, ambaye kwenye Toyota simdharau hata kidogo, akapanga waya za plagi, akapiga stata. Ikakohoa. Akapiga tena, ikatema moto juu kupitia kabureta mpaka tukakimbilia mchanga. Akasema ni valvu. Akasema ni kabureta. Akasogeza distribyuta, ile ya kugawa cheche kwa plagi, huku na huku, moto ule ule, na mwisho akasema si nlikwambia uweke ya Toyota?

Jirani yetu mzee mmoja aliyekuwa akiendesha zile Pijo za abiria za Mombasa alikuwa amekaa barazani anatusikiliza. Nikamwendea, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaniuliza swali moja tu: "Silinda namba moja mmeihesabu ya wapi?" Nikamwambia ya mbele, upande wa feni. Akasema, "Pijo huhesabiwa kutoka nyuma, kwenye giaboksi."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote! Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kupata cheche, ni 1-3-4-2 kama Toyota nyingi, lakini moja yake iko nyuma. Ukianzia mbele, mpangilio unaonekana sawa kabisa, ila cheche inafika wakati silinda inamaliza kutoa moshi na valvu ya kuingiza inaanza kufunguka, ndio maana moto unatoka kwenye kabureta. Tukabadilisha waya, ya moja na ya nne, ya mbili na ya tatu. Stata mara moja, ikashika. Mzee alisimama pale barazani akapiga makofi. Hii ni familia ya gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, halafu mtu anakwambia ni ya skrepa.

Breki sitaongea sana: mipira yote ya masta na ya magurudumu mpya, mafuta mapya, toa hewa ukianzia gurudumu la mbali. Taa zikiwa hafifu usikimbilie alteneta, safisha kwanza pale waya wa eathi unaposhika bodi, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, funga, paka vaselini.

Spea nyingi nlitumiwa kutoka Nairobi, Kirinyaga Road, na nyingine Mombasa. Kwa upande wa pesa, bati na welda ndio vilikula kubwa, elfu hamsini na zaidi, ingini haikufika hata nusu ya hapo, na hao waliotaka nibadilishe ingini walikuwa wananitajia laki.

Sasa mkiwa na gari za huku, jambo la kuosha. Ukitoka Marereni au ufuoni osha chini ya gari jioni ile ile, lakini si kwa maji ya kisima, visima vyetu vingi vina chumvi na utakuwa unaiongezea tu. Tumia ya bomba, au ya mvua uliyokinga, na elekeza mpira ndani ya zile pembe za karai na juu ya springi mpaka maji yanayotoka yawe masafi. Mimi kila baada ya mvua za masika napuliza pia oili chakavu ndani ya vizingiti kupitia vile vile vitundu vya chini.