"Na kisima?"

Mwaka 2009 tuliiuza nyumba ya bibi, Pangani. Dalali alikaa barazani na mnunuzi kutoka Dar es Salaam, akimsifia: mto ule pale, bahari ile pale, mji umetulia. Utulivu huo bibi alikuwa akitusimulia kwa uchungu. Zamani Pangani ilikuwa bandari ya misafara, pembe za ndovu zikishukia hapa. Wajerumani walipoanza kujenga reli Tanga mwaka 1893, biashara ikaifuata reli, sisi tukabaki na nyumba za mawe na upepo.

Ilikuwa nyumba ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kiasi cha dhiraa. Vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na mkoko una mwisho wake. Mnunuzi akapitisha kidole ukutani. Chokaa ikamwagika kama unga, jiwe likabaki wazi na vitundu vyake vidogo vidogo. Akakung'uta mkono. Niliomba moyoni asiguse tena.

Bibi aliacha watoto watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Dalali akishatolewa chake, zilibaki milioni 16. Mirathi ikatoka mafungu manane: kila mwanamume milioni nne, kila mwanamke milioni mbili. Shangazi, aliyemuuguza bibi miaka sita, akimgeuza na kumlisha, alikuwa wa milioni mbili. Hakusema neno. Nilitaka kusema mimi. Baba akanitazama, nikanyamaza.

Mkataba niliuandika mimi, msomi wa nyumba. Kila mrithi nilimwekea mstari wa saini. Kwa shangazi nikaandika "dole gumba". Sikumuuliza. Nilijua tu kwamba hakwenda shule. Na huyo ndiye niliyekua nikimwona kila alasiri, barazani hapo hapo, akiwasomesha watoto wa mtaa chuo, ubao mapajani, akiwaandikia alifu na be kwa mkono wake.

Mwenyekiti wa mtaa akamsogezea pedi ya wino. Shangazi akairudisha.

"Nisomee kwanza, mwanangu."

Nikasoma. Nyumba moja ya mawe, vyumba vinne, ukumbi na ua.

"Na kisima?"

Kisima nilikuwa nimekisahau, kisima ambacho maji yake yaliniosha siku niliyozaliwa. Nikakibana pembeni mwa karatasi.

"Haya, nipe kalamu."

Akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu: jina lake, la baba yake, la babu yake. Aliandika bila haraka. Nukta akaziacha mpaka mwisho, kisha akazitia moja moja. Hakuna saini nyingine kwenye karatasi ile iliyopendeza kama yake. Nikayakata yale maneno "dole gumba" kwa mstari, mkono ukinitetemeka.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe, baba."

Fedha zikahesabiwa, mashahidi wakaweka saini, adhuhuri ikaadhiniwa. Shangazi akasimama, akajitanda kanga vizuri, akamwendea yule mnunuzi.

"Mwanangu, naomba ruhusa yako. Niteke ndoo moja, nitawadhe."

Yule bwana akainama. Hakuweza kumjibu. Nikaenda nikamshikia kamba.