Nilivyoipangia pampu ya kisima kazi kwa chati mtiririko

Kazi ilikuwa kuifanya pampu ya kisima ijiendeshe yenyewe katika shule moja ya bweni nje kidogo ya Dodoma. Palikuwa na simtanki la lita 5,000 juu ya mnara, pampu iliyozamishwa kisimani, na Arduino Uno, kibao kidogo cha kielektroniki kinachofuata programu unayokiandikia, ya kuamua lini iwake na lini izime. Programu yenyewe ni fupi. Muda mwingi uliishia kwenye chati mtiririko, yaani mchoro wa hatua za kazi kwa visanduku na mishale, niliyoichora kwa penseli kabla sijagusa kompyuta, na kwangu mimi hapo ndipo kazi yote ilipofanyika.

Alama ni chache: duara dufu kwa mwanzo, mstatili kwa tendo, msambamba kwa taarifa inayoingia au kutoka, almasi kwa swali. Ugumu uko kwenye almasi. Lazima itoe mishale miwili, wa ndiyo na wa hapana, na kila mmoja uwe na pa kwenda. Kichwani mtu huwaza ndiyo tu: maji yamepungua, washa, tangi limejaa, zima. Karatasi inakudai na ile hapana.

Niliketi na mzee aliyekuwa akiiwasha pampu hiyo kwa mkono, nikawa namsomea chati kisanduku kwa kisanduku. Tulipofika "washa pampu" akanizuia.

"Umeme ukitoka kurudi siwashi hapo hapo, kijana wangu. Nasubiri taa zitulie kwanza."

"Kama muda gani, mzee?"

"Dakika tano hivi. Mara nyingi unakatika tena."

Rahisi ingekuwa kuchora mstatili wa "subiri dakika 5". Lakini ukiugeuza kuwa amri ya delay, kifaa kinaganda muda wote huo, hakisomi swichi yoyote. Nikachora almasi badala yake: "Je, dakika 5 zimepita tangu kifaa kiwake?" Hapana, pampu ibaki imezimwa, rudi juu ukasome swichi zote upya. Ndiyo, endelea. Kwa kuwa Arduino inakula umeme huo huo wa pampu, kila umeme ukirudi inaanza kuhesabu kutoka sifuri, na swali linajibiwa bila sensa ya ziada. Tangu hapo kila kisanduku cha kusubiri nakigeuza swali. (Kitufe cha dharura hakimo kwenye chati kabisa. Nilikiunga kwenye waya wa koili ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye pampu, kikate umeme hata programu ikiganda.)

Kwenye tangi niliweka swichi mbili za kuelea. Ya chini inawasha, ya juu inazima, na maji yakiwa katikati mshale unarudi juu bila kugusa kitu: pampu iliyowaka iendelee, iliyozimwa ibaki hivyo. Ukitumia swichi moja pekee, maji yakitikisika kidogo tu pampu inawaka na kuzima ovyo, na kila mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida. Kontakta haidumu.

Swali la maji ya kisimani nililipandisha juu ya yale ya tangi. Pampu ya namna hii hupozwa na maji yanayoizunguka, kwa hiyo kisima kikipungua izime, hata kama tangi ni tupu na wanafunzi wana kiu.

Kisha tukaijaribu kwa kidole. Mzee anataja hali, mimi natembeza kidole kwenye mishale. "Bomba limepasuka, maji yanamwagika njiani." Kidole kikazunguka bila kikomo, pampu inawaka tu. Kwa kawaida tangi hujaa kwa saa mbili, basi tukaongeza almasi: zikipita saa tatu halijajaa, zima, washa taa nyekundu, na usiwashe tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuianzisha upya.

Chati hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa paneli. Kila kisanduku kina namba, na namba hizo hizo nimeziandika ndani ya programu, ili fundi mwingine akiikuta taa nyekundu inawaka ajue aanzie mstari gani.