Mama na mejo zangu mbili

Jamani leo nimejaza ile fomu. Baiolojia na historia, mejo mbili (yaani masomo makuu ya digrii) kwa mpigo.

Kwa wasiojua, huku Marekani udaktari huanzi ukitoka tu fomu siksi kama nyumbani, unasoma kwanza digrii ya miaka 4 ndo unaomba shule ya udaktari, na wala hawakulazimishi mejo fulani ilimradi umepita baiolojia, fizikia, kemia (ile oganiki imenizeesha mwenzenu) na ukafanya MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari. Mshauri wangu kaangalia ratiba akasema inawezekana, ila usingizi usahau.

Nikampigia mama, Songea.

Kimya.

Halafu: "Historia? Mgonjwa akija na malaria utamsimulia habari za Kinjekitile?"

Nikamwambia mama, Kinjekitile naye si alikuwa anagawa dawa, yale maji ya vita vya Majimaji?

Kacheka mpaka simu ikakatika. Ila kile kimya cha mwanzo bado nakisikia, sahivi nimekaa tu kantini chai imeshapoa.

Mliochanganya mejo njooni hapa, wazazi mliwaambiaje? Na mlikuwa mnalala saa ngapi 😩