Dawa ya nywele iliyonipeleka kupimwa moyo

Nywele zangu za mbele zilianza kukimbia kama miaka miwili iliyopita, rasta za kubana na juu yake gundi ya wigi, paji la uso likawa linapanda tu kila mwezi. Hela ya korosho ilipoingia nikaagiza dawa ya kuotesha nywele kwa dada mmoja anauza mtandaoni, kichupa kikaja na basi mpaka hapa Mtwara, kimeandikwa minoxidil asilimia 5. Mi nikachukulia kama mafuta ya nazi tu, nipime ya nini? Namwaga kiganjani napaka kichwa kizima, asubuhi na jioni.

Wiki za mwanzo nywele zikapukutika zaidi, nikavumilia. Mwezi wa pili wifi yangu akanishika shavu, "Wifi, mbona unaota ndevu?" Kucheka walicheka wao, mi nikanyamaza.

Sasa nikafanya ujinga, nikaweka rilaksa ikaniunguza kisogoni, vidonda bado vibichi na mi naendelea kupaka. Siku ya tatu nipo naosha vyombo moyo ukaanza kudunda utadhani nimekuja mbio kutoka Mikindani, nikiinuka kizunguzungu, ndala zinabana miguu imevimba. Mume wangu akasema hiyo mimba. Nikapima, hamna kitu.

Nikabeba kichupa mpaka famasi. Yule kaka akasoma kibandiko, akanipima presha, 90 kwa 55. "Dada, hii asili yake ni dawa ya presha." Kumbe ilianza kama vidonge, wagonjwa wakawa wanaota nywele mpaka usoni, ndo ikatengenezwa ya kupaka, Marekani wakairuhusu 1988. Inatanua mishipa, sa ikipitia kwenye vidonda inaingia nyingi kwenye damu, presha inashuka, moyo nao unakimbia kufidia. Akanisukuma hospitali siku hiyohiyo, wakapima moyo, mzima, wakasema acha kwanza hadi upone.

Niliporudi kwake akanipa ya asilimia 2, mililita 1 tu kwa kile kibomba cha kudondoshea, mara 2 kwa siku, palipopungua tu, mikono naosha na sabuni. Mimba ikiingia naacha, kunyonyesha vilevile. Halafu akaniuliza, "Una paka?"

"Eeh napaka, si nimekwambia asubuhi na jioni."

"Nyau, dada! Nyau!"

Nikajua utani, kumbe paka akilamba hata kidogo tu anaweza kufa. Na wangu mto wangu ndo kitanda chake, jamani, na kichwa ananilamba!

Saizi mwezi wa 6, kushoto vinywele vimeota, kulia bado panang'aa, ndevu zimepungua. Dawa ya jioni naiwahisha ikauke kabla sijalala, foronya nafua kila baada ya siku mbili, kichupa kipo juu ya kabati. Nyau analala sebuleni, na mpaka saa sita usiku anakwaruza mlango ananililia.