Klabu mpya Las Vegas: bili inapandia wapi

Klabu mpya ikifunguliwa Las Vegas, magrupu ya WhatsApp ya watu wa nyumbani hujaa picha za taa. Wiki chache baadaye ni malalamiko: foleni, hakuna pa kuchezea, DJ aliyetangazwa hakuwepo, bili imeruka. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Biashara ya klabu za Strip, ile barabara ya hoteli na kasino, ni kuuza meza, yaani kochi la kukodi pamoja na chupa za pombe, na mwenye tiketi ya kawaida ni wa kujazia tu ili ukumbi uonekane umechangamka.

Kabla ya kulipa chochote, fungua ukurasa wa kukodi meza uangalie ramani ya ukumbi. Ukiona makochi yamezunguka kibanda cha DJ pande zote na sakafu ya kuchezea imebaki kijisehemu katikati, ujue usiku mzima baunsa mwenye tochi atakuwa anakusukuma utoke njiani ili wahudumu wapite na chupa. Kukaa kwenye kochi la watu haiwezekani. Utanyanyuliwa kabla hujaegemea.

Halafu soma kalenda, si bango. Jina kubwa lililobandikwa barabarani huenda linapiga usiku mmoja mmoja tu, na usiku mwingine anasimama DJ wa nyumba. Hata usiku wake, milango ikifunguliwa saa nne na nusu, yeye hupanda karibu saa saba. Anayefika mapema na kuchoka saa sita na nusu amelipia DJ wa kupasha moto.

Sasa meza. Bei unayotajiwa ni kima cha chini cha matumizi, na makato yanakuja juu yake. Chukua mfano wa dola 1,000: kodi ya mauzo ya Clark County, kaunti ilimo Las Vegas, ni asilimia 8.375, yaani dola 83.75. Bakshishi ya lazima, tuseme asilimia 20, ni 200. Ada ya ukumbi, tuseme asilimia 10, ni 100 nyingine. Jumla 1,383.75, mkiwa sita, karibu dola 231 kila mtu. Mzinga wa vodka wa mililita 750 ambao dukani ni chini ya dola 30 utaukuta hapo kwa mamia ya dola. Juisi na soda za kuchanganyia kwa kawaida zimo, ila maji ya chupa na vinywaji vya kuongeza nguvu huenda vikahesabiwa pembeni, kwa hiyo uliza kabla mhudumu hajavifungua. Omba jumla kamili kwa maandishi, na isome risiti kabla ya kusaini: mstari wa bakshishi unaoachwa wazi chini ni wa nyongeza, wala si ile ya lazima. Wengi hulipa mara mbili hapo.

Orodha ya wageni ni bure, usimlipe promota hata senti kwa kukuandika. Lakini ina masharti yake. Wanawake hupita kirahisi. Wanaume hutakiwa walingane nao kwa idadi, na kundi la vijana watano wa kiume huambiwa wakanunue tiketi. Orodha hufungwa mapema usiku wenye jina kubwa, na kuwa kwenye foleni hakuhesabiki kama kuingia. Mlangoni ni miaka 21 kwenda juu, na kitambulisho kiwe chenyewe mkononi. Picha ya pasipoti kwenye simu haikubaliki. Leseni ya Kenya au Tanzania inaweza kukataliwa, beba pasipoti. Kaptula, kandambili na jezi ziache hotelini.

Ukubwa wa uwekezaji nao usikutishe. Hoteli ya Palms ilifanyiwa ukarabati wa dola milioni 690, na ndani yake ikafunguliwa klabu ya Kaos, Aprili 2019. Cardi B na Marshmello waliwekwa kwenye ratiba, na pembeni ya bwawa likasimamishwa sanamu la Damien Hirst lenye urefu wa mita 18 hivi. Novemba mwaka huohuo klabu ikafungwa. Gharama za wasanii zilikuwa kubwa mno, na Palms iko nje ya Strip, ng'ambo ya barabara kuu ya I-15, ambako mtalii aliyevaa visigino hatembei kwa miguu.

Ndiyo maana klabu mpya ni bora uipe miezi kadhaa. Wiki ya ufunguzi hujaa waalikwa na watu wa kupiga picha. Baada ya hapo ndipo utajua kama sauti ni nzuri na kama usiku usio na jina kubwa una watu. Na kama kilichokutoa nyumbani ni amapiano au Bongo Fleva, usitegemee kibanda cha Strip. Tafuta usiku wa Kiafrika unaoandaliwa kwenye kumbi ndogo nje ya Strip. Huko hakuna taa za kushuka darini, ila kuna nafasi ya kucheza, na baunsa hana sababu ya kukuhamisha.