Draya ya AC ya gari: ilipo na namna ya kuibadilisha

Fuata paipu nyembamba inayotoka kwenye kondensa (inayopooza gesi ya AC), mbele ya rejeta. Kikopo cha alumini utakachokikuta kabla ya ekspansheni valvu (inayoshusha presha ya gesi) ndicho draya, yaani kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo wa AC. Kwenye magari mengi ya sasa imefichwa ubavuni mwa kondensa yenyewe.

Gesi itolewe kwanza kwa mashine. Ukilegeza nati ikiwa na presha, itakuunguza kwa baridi. Vizibo vya draya mpya viondoe dakika ya mwisho kabisa, maana chembe za ndani hunyonya unyevu wa hewani, na maji yakibaki huganda kwenye valvu au huzaa asidi inayokula kompresa. Oringi (raba za duara za kwenye maungio) ziwe mpya, zimepakwa oili ya kompresa (girisi hapana!). Vuta vakyumu (nyonya hewa yote kwa pampu) angalau dakika 30, kisha jaza gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye stika chini ya boneti. Ikizidi, presha hupanda na ubaridi hupungua.