Kiberiti cha Kuka

Leo nimetoka zamu nikinuka sigara, na mimi sivuti. Kiberiti cha mtu bado kiko mfukoni mwa sare yangu.

Ni cha mzee wa chumba cha nne. Hapa tunapotunzia wazee, nje kidogo ya mji wa Bungoma, sote twamwita Kuka. Alilima tumbaku upande wa Malakisi miaka mingi, akikesha bandani kuchochea kuni ili majani yakauke bila kuungua. Mtu huyo ndiye niliyejipa kazi ya kumfunza hatari ya moto.

Yote yalianza na tundu. Wiki tatu zilizopita, nikitandika kitanda chake, niliona blanketi limeungua mahali padogo kama punje ya haragwe, kingo nyeusi na ngumu. Ningemgombeza kidogo yaishe, lakini mzee wa kitanda cha pili anapumua kwa mashine ya oksijeni. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila moto ukiipata hula kwa pupa. Tena oksijeni hujificha kwenye blanketi, sweta, hata nywele, na hubaki humo kwa muda hata mpira ukishatolewa puani. Magoti yalinilegea, shuka mkononi.

Nikachukua sigara na kiberiti, nikafungia ofisini. Sikumuuliza. Kuka hakupiga kelele. Aliacha tu kunisalimu, na ugali wa jioni akawa anaurudisha nusu. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, shamba wamechukua wanangu, meno yamechukuliwa na miaka, sasa wewe umechukua njiti."

Sikulala vizuri usiku huo.

Kwenye kikao mwenzangu mmoja alishika Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007: mahali pa umma na pa matibabu hapavutwi sigara, basi. Mwingine akaleta Ibara ya 57 ya Katiba, kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa hadhi na heshima. Je, kumpekua mifuko kila asubuhi ndiyo hadhi? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza jirani wa oksijeni. Nilipomwendea, akasema moshi hautaki kabisa, lakini Kuka asihamishwe, maana nani mwingine atamsimulia habari za ng'ombe usiku?

Basi tukakubaliana: Kuka avutie nje, chini ya mwembe, mbali na madirisha, mmoja wetu akiwa naye na debe la mchanga pembeni. Kwa kuwa mikono yake hutetemeka na husinzia upesi, nilimtafutia kwa mafundi wa jua kali aproni ya ngozi ile ya wachomeleaji. Aliigeuza mbele na nyuma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu lile tundu. "Sasa nichomelee geti gani?" Lakini aliivaa.

Baada ya chai ya asubuhi, sawa. Saa kumi jioni, sawa. Ile ya usiku nimemnyima, kwa sababu usiku tuko wawili na wazee 19, na sina wa kumpeleka nje gizani. Na ndiyo anayoitaka kuliko zote. Asema huo ndio wakati wake wa kuchochea banda. Sina jibu. Nimemwambia mkubwa wetu tunahitaji mtu wa tatu wa zamu, naye ameandika kwenye daftari lake, ambamo ameandika mengi.

Leo saa kumi mvua ilikuwa inanyunya. Nilimshikia mwavuli, nikatoa kiberiti nimwashie kama kawaida. Akanyoosha kiganja. "Niachie."

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ililowa. Nilitaka sana kumsaidia. Niliuhamishia mwavuli mkono huu na huu ili nisimguse. Ya tatu ikashika, akaikinga kwa viganja vyote viwili, taratibu, bila kutetemeka hata kidogo.